Mafuta Mekundu na Ulimi wa Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Juni

Natangaza rasmi, mbele ya meza hii na kikombe hiki cha chai, kwamba tambara langu jeupe limepotea. Lilianza maisha kama shati la shule la mwanangu, likapanda cheo likawa tambara la kupimia mafuta. Limetumika miezi saba bila kulalamika. Limetoweka leo kati ya saa moja na saa moja na robo asubuhi. Bendera zishushwe nusu mlingoti.

Kuna watakaosema tambara ni tambara. Hao waendeshe baiskeli. Tambara la bluu hudanganya, la kijivu hudanganya zaidi. Jeupe ndilo linalosema kweli. Unachomoa kijiti cha kupimia, unafuta, unatazama. Mafuta ya injini — meusi. Ya haidroliki, yale yanayosukuma bamba la kushindilia taka huko nyuma — ya dhahabu. Ya giaboksi — mekundu, kama juisi ya mtoto. Bila jeupe yote ni uchafu tu.

Nimelipata saa nne. Baba mkwe alikuwa anafutia miwani yake.

Angekuwa mtu mwingine ningemwambia neno. Lakini baba mkwe ndiye fundi mkuu wa karakana, mimi ni dereva wa lori la taka namba sita, na binti yake ndiye aliyenipikia chai hii. Nikasema, "Shikamoo, baba." Akasema, "Marahaba. Tambara laini hili! Umelitoa wapi?" Akalitia mfukoni mwake. Kwaheri.

La maana: chini ya lori kuna matone. Mekundu. Nimepima kama kitabu cha gari kinavyoagiza — mahali tambarare, injini inawaka, mafuta yamepata moto, gia iko nyutro, hendibreki juu. Chomoa, futa, rudisha, chomoa tena. (Nimefutia soksi.) Mafuta yako chini ya mstari wa chini kwa upana wa kidole. Nimejaza fomu: giaboksi imepungukiwa, iongezwe. Nimeitia kwenye trei ya fundi mkuu.

Jumanne, 4 Juni

Nimedhalilishwa mbele ya wapakiaji wote.

Karakana nzima inamwita baba mkwe Ulimi, akiwa hayupo. Ni kwa sababu hatambui mafuta kwa macho kama binadamu wengine — anayaonja. Anachovya kidole, anaweka ncha ya ulimi, anatafakari kama mpishi wa harusi, kisha anatema pembeni na kutoa hukumu. Miaka thelathini na moja. Wanasema hajakosea. Nani angejua, na mwonjaji ni yeye na hakimu ni yeye?

Leo kaja na fomu yangu mkononi. Lori limelala usiku kucha, baridi kabisa. Nikapanda kuwasha injini. "Unawasha nini?" akauliza. Nikamwambia giaboksi ya otomatiki hupimwa injini ikiwaka, baba, kitabu ndivyo kinavyosema.

"Kitabu hicho kimewahi kuendesha gari gani?"

Vicheko.

"Mafuta hupimwa yakiwa yametulia," akaendelea. "Wewe fundi cherehani akikupima urefu, unarukaruka?"

Vicheko zaidi. Mama Pacha, mpakiaji wangu mwenyewe, ninayemsimamishia lori mbele ya kila pipa ili asitembee — alicheka hadi akashika tairi.

Akachomoa kijiti. Mafuta yalikuwa juu ya mstari. Bila shaka! Injini ikizimwa mafuta yote hushuka yakakaa chini, kijiti kinaoga mpaka kiunoni. Ikiwashwa, yanapanda kufanya kazi, ndipo unajua yaliyobaki. Ukurasa wa themanini na nne. Nilikaa na ukurasa huo na kamusi wiki mbili, neno kwa neno, mpaka mke wangu akauliza kama ni barua ya mwanamke.

Baba mkwe kaandika "Mafuta tele" na kutia sahihi. Akanipiga bega. "Gari halina kiu, mkwe. Dereva ndiye mwenye kiu."

Sasa wapakiaji wananiita Kitabu.

Jumatano, 5 Juni

Lori limesita mara mbili. Nakanyaga, injini inapiga kelele, magurudumu yanafikiria. Kisha yanakubali kwa mshtuko, na Mama Pacha huko nyuma anagonga bati na kunitukania ukoo.

Nimejaza fomu ya pili. Kwenye trei ileile.

Alhamisi, 6 Juni

Limetokea! Na mimi nilisema! Niandike hapa kwa herufi kubwa, kwa kuwa hakuna mahali pengine nitakaporuhusiwa kuandika: NILISEMA.

Saa tatu na nusu, kwenye mlima wa shule. Lori limejaa, tani nane za takataka za watu wazima wenye akili zao. Katikati ya mlima — hakuna gia. Injini inalia, lori limesimama. Kisha halisimami tena. Linarudi.

Nikasikia sauti ya Mama Pacha: "Kitabu! We Kitabu! Lori linarudi nyuma au ni mimi ninayeota?"

Breki zilishika, shukrani kwa Mungu na kwa aliyezitengeneza. Lakini kwa hatua tano zile nilizeeka miaka mitano. Mama Pacha alikuwa amesharuka, na badala ya kukimbia alirudi na gogo akalisukumia nyuma ya tairi, kwa kifua chake, akitukana bila kuvuta pumzi. Nimemsamehe kicheko cha Jumanne. Mpakiaji mwenzake alikuwa juu ya ukuta wa shule. Hajui alivyofika.

Tumekaa pale kwa saa mbili na nusu mpaka tukaja kuvutwa. Mwalimu alitoka kuuliza kama harufu itakwisha kabla ya mtihani. Nikamwambia hilo linategemea mtihani una maswali mangapi. Hakucheka.

Wale watu wawili husimama nyuma ya lori siku nzima. Wana watoto. Mmoja wao ana pacha.

Ijumaa, 7 Juni

Nimeiona fomu ya ajali. Chanzo: *giaboksi kupungukiwa mafuta; dereva hakutoa taarifa.* Sahihi ya fundi mkuu — mkia mrefu, kama wa nyani aliyeshiba.

Hakutoa taarifa! Mimi! Fomu mbili! Nikaenda kwenye trei. Trei ni safi, mtu angeweza kulia chakula humo. Nikamuuliza baba mkwe, kwa adabu, mikono nyuma, fomu zangu ziko wapi. Kasema karatasi ni nyingi katika karakana, nyingine hufungia nati. Hakunitazama.

Ndipo likaja la pili. Kaja kuongeza mafuta. Sasa, mapipa. Zamani kila pipa lilikuwa na rangi yake na kila mtu alijua, hata mlinzi. Mwezi uliopita tulitarajia wageni wakubwa, na Meneja, mgeni hapa aliyetokea ofisi ya mipango ya bustani, akaamuru mapipa yote yapakwe rangi moja ya kijani ili yapendeze. Yakapakwa, maandishi na yote. Wageni hawakuja. Mapipa yanapendeza.

Baba mkwe akafungua pipa la karibu na mlango, akachovya, akaonja, akatema. "Hili." Yakamiminika kwenye faneli. Nikaona kwa macho yangu — dhahabu! Ya haidroliki! Yale mekundu yako pipa la pembeni, nimeyaona yakichotwa mara kumi.

"Baba," nikasema, "samahani, rangi —"

"Rangi ni ya wapaka rangi. Mafuta yakikaa hubadilika. Hata wewe ulipokuja kuposa hapa ulikuwa mwembamba."

Wapakiaji wawili walihitaji kushikana.

Akamimina lita nne. Kawasha injini mwenyewe, kapanda mlimani na kushuka. Lori limekwenda vizuri kabisa. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Lakini sumu haiui siku ya kwanza.

Meneja katuita sote wawili. Anataka maelezo ya maandishi ifikapo Jumanne. Akionekana mkosaji ni dereva, dereva ataacha usukani na kupewa ufagio, barabara ya soko, kuanzia Julai. Katamka "ufagio" kwa upole, kama jina la ua.

Jumapili, 9 Juni

Baba mkwe kaja kututembelea. Kapewa kiti changu. Kala akashiba, kawabeba wajukuu, kamtengenezea binti yake bomba la sinki ambalo mimi niliahidi tangu Februari. Kuhusu lori, kimya. Ametaja mara moja tu, akimwambia mke wangu kana kwamba mimi niko mkoa mwingine: "Mumeo dereva mzuri sana. Ila anasoma mno."

Ana wiki tatu kabla ya kustaafu. Kisha, kasema huku akikata kucha, Meneja kamwahidi abaki kama mwalimu wa mafundi wapya, siku tatu kwa wiki. Tangu mama mkwe afariki nyumba yake haina sauti, alisema. Karakanani kuna sauti.

Alipoondoka mke wangu akafunga mlango na kuuegemea.

"Utaandika?"

"Nitaandika. Ama yeye ama mimi na ufagio."

"Ni baba yangu."

"Mimi ni mumeo. Na Mama Pacha nusura asagwe."

Akauacha mlango. "Basi andika, baba watoto. Sikuzuii. Lakini andika ukiwa umepoa. Kalamu haina hendibreki."

Nikamuuliza yuko upande gani. Kasema yuko upande wa sinki, angalau hilo limetengenezwa.

Jumatatu, 10 Juni

Rasimu tatu. Ya kwanza nilieleza yote kwa mpangilio: injini kuwaka na kuzimwa, mstari wa juu, mstari wa chini, moto na baridi, fomu mbili zilizopotea. Kurasa nne. Nikajisomea kwa sauti ya Meneja. Kwenye ukurasa wa pili Meneja alikuwa amesinzia.

Fomu zimepotea, sina ushahidi. Kijiti — neno langu dhidi ya miaka thelathini na moja. Nani atamwelewesha mtu wa bustani kwamba mafuta yaleyale yanaonekana mengi gari likilala na machache likifanya kazi? Lakini rangi! Rangi Meneja anaijua. Rangi ndiyo taaluma yake.

Kwa hiyo rasimu ya tatu ina nusu ukurasa. *Fundi mkuu ametia mafuta ya haidroliki, ya dhahabu, kwenye giaboksi inayotaka mafuta mekundu. Ametambua kwa kuonja. Nilimwonya mbele ya mashahidi.* Habari za kijiti nimezifuta. Zinachanganya.

Nimemwomba Mama Pacha atie sahihi kama shahidi. Kasema dhahabu aliiona. Kisha akaangalia barua, akaniangalia mimi. "Kitabu, kilichonirudishia lori kifuani ni ile dhahabu?"

Nikasema hapana, hiyo ilitiwa kesho yake.

"Basi mbona humu sijauona mlima?"

Nikamweleza mambo ya mkakati. Kasema yeye hajui mkakati, anajua takataka, na mtu akifunga takataka vizuri sana ujue kuna kitu ndani. Hakutia sahihi.

Jumanne, 11 Juni

Nimepeleka barua.

Meneja kaisoma nikiwa nimesimama. Mara ya kwanza tangu aje, nimemwona anaelewa kitu cha karakana.

"Kwa hiyo yalikuwa kijani."

"Pipa ndilo la kijani, bosi. Mafuta ndani yalikuwa ya dhahabu."

"Na yalitakiwa mekundu."

"Ndiyo."

"Na yeye akayaonja tu."

"Kwa ulimi, bosi."

Akaweka kalamu chini. Kasema hili liko wazi kabisa. Kasema hawezi kumkabidhi mafundi wapya mtu anayelamba mafuta. Kesho saa nane mchana tutakaa watatu, baba mkwe atapewa nafasi ya kujibu, lakini barua ya kufuta ile nafasi ya ualimu anaichapa leo. Ufagio hakuutaja tena. Akanishika mkono.

Nilitoka nikitembea kama mtu aliyeongezewa kimo. Nilipofika getini kimo kilikuwa kimepungua kidogo. Sijui ni kwa nini. Haki yangu ni haki yangu.

Nyumbani mke wangu hakuuliza mpaka watoto walipomaliza kula.

"Umepeleka?"

"Nimepeleka."

"Umeandika nini?"

"Ukweli."

"Wote?"

Nikaenda kuangalia sinki. Halivuji hata tone.

Jumatano, 12 Juni

Naandika juu ya kreti, stoo ya mafuta. Saa saba na nusu mchana. Niandike haraka.

Asubuhi nimefika mapema. Lori namba sita lilikuwa linanguruma katikati ya uwanja, mahali tambarare. Nikadhani linaibwa. Kumbe ni baba mkwe, peke yake, kijiti mkononi. Na tambara langu jeupe. Alikuwa anapima, anafuta, anarudisha, anapima tena. Akazima injini, akasubiri, akapima. Akawasha, akapima. Midomo ikihesabu.

Nikasema shikamoo. Akakiinua kijiti kwenye mwanga. Kisha:

"Mkwe, kile kitabu chako. Kinasema injini iwake?"

"Ndiyo, baba."

"Na mafuta yawe ya moto."

"Ndiyo, baba."

Akafuta kijiti polepole sana. "Likizimwa linasema limeshiba. Likiwaka linasema lina njaa. Miaka yote hii magari ya gia za mkono hayajanidanganya hata siku moja. Hili la kisasa, mwaka mmoja tu, na limenifanya mwongo." Akakichomeka kijiti mahali pake. "Yule mama angekufa."

Nilikuwa na jibu tangu Jumanne ya wiki jana, zuri sana, la kurasa nne. Halikutoka.

Kasema saa nane atamwambia Meneja mwenyewe. Kwamba alipima vibaya, kwamba fomu zangu alizichana zote mbili kwa aibu, kwamba mimi nisiguswe. "Nitakuwa mwalimu wa namna gani nisipoanza na hilo?" Akatabasamu nusu. Kisha akanirudishia tambara langu. Limefuliwa! Limepigwa pasi! Akaenda kubadilisha ovaroli.

Nilitaka kumwambia kuhusu barua. Nilifungua mdomo. Mama Pacha akaita kwamba tunachelewa njia ya soko, nikapanda lori. Sababu nzuri. Nimekuwa na sababu nzuri wiki nzima.

Lori limekwenda kama maji, mlima wa shule na yote. Njia nzima najiambia: sawa, kwenye kijiti amekiri, lakini dhahabu ni dhahabu. Kosa la mafuta liko palepale. Barua haijasema uongo.

Saa saba tumerudi, nikakuta ujumbe wa Meneja. Anataka namba zilizo kwenye mapipa yote mawili, la dhahabu na la mekundu, aziingize kwenye barua yake ili ionekane ya kitaalamu. Vizuri. Hapo ndipo nitakapomaliza ubishi. Nimechukua sarafu, nakwangua rangi ya kijani.

Pipa la dhahabu: imetokea namba. Herufi mbili, tarakimu sita, na chini yake mstari mdogo wa maandishi. Nimeinakili.

Saa nane kasoro dakika tano. Baba mkwe kapita dirishani, ovaroli safi, nywele zimechanwa kwa maji. Kanipungia mkono.

Pipa la mekundu lina rangi nzito, walipaka mara mbili.

Saa nane kamili. Nimesikia mlango wa ofisi ukifungwa.

Imetoka. Nimezisoma mara tatu, nimeweka karatasi pembeni ya pipa nikafuata kwa kidole. Herufi mbili zilezile. Tarakimu sita zilezile. Giaboksi na haidroliki, pipa hili na lile. Mstari mdogo tu ndio tofauti: hili limeandikwa *yametiwa rangi*, lile *bila rangi*.

Mafuta ni yaleyale.